Lenzi moja, maiki mbili: kwa dada wa Kasese anayekwenda Katwe kupiga makala peke yake

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kasese, magharibi mwa Uganda, nami nalifupisha: "Mzee, nina Sony a6400 na ile lenzi ya 16-50 iliyokuja nayo kwenye boksi. Nataka kupiga makala ya dakika ishirini hivi kuhusu wachimba chumvi wa Ziwa Katwe. Sina timu. Ni mimi, begi na boda. Nimeweka akiba ya shilingi milioni sita. Rafiki yangu anayepiga harusi Kampala ananiambia niuze kamera nitafute yenye sensa kubwa, na kama sitaki kuuza, basi nichukue lenzi tatu za Sigma za f/1.4 pamoja na gimbali. Wewe ungenunua nini? Na drone je?"

Dada yangu, usiuze kamera. Tafuta lenzi moja ya zumu yenye f/2.8 mwanzo mpaka mwisho (f ni tundu la mwanga: namba ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi) na yenye kutuliza mtikisiko ndani yake. Kwa kamera yako hiyo ni Tamron 17-70. Ongeza filta ya ND, yaani kioo cheusi cha kupunguza mwanga, halafu sehemu kubwa ya pesa inayobaki iende kwenye sauti. Gimbali, ule mkono wa mota wa kutuliza kamera, mwachie rafiki yako, kwenye harusi ina kazi. Kama una haraka unaweza kuishia hapa.

Anayepiga peke yake ndiye mwongozaji, ndiye mshika kamera, ndiye mtu wa sauti, na juu ya hayo yote ndiye anayeongea na mzee aliyesimama ndani ya maji ya chumvi hadi kiunoni. Kila kifaa kinachotaka ukibadilishe, ukisawazishe au ukikague kinakutoa kwa yule mzee. Unageuka kufungua begi, naye anasema lile neno ambalo makala nzima ingesimama juu yake. Kwa hiyo sipimi kifaa kwa ubora wake tu. Nauliza kitaninyang'anya macho mara ngapi kwa siku moja ya kazi. Ukipima hivyo, lenzi tatu na gimbali zinaanguka mapema sana.

Nianze na kamera, maana ina mambo yake ya kujua. a6400 ilitoka mwaka 2019, na kwa makala bado inatosha kabisa. Ina 4K nzuri, inafuata uso vizuri, na haijikatizi yenyewe ikifika dakika 29 kama kamera nyingi za rika lake. Ila ina upungufu wa aina nne, na manunuzi yako yote yanapaswa kuziba mapengo hayo. Haina utulizaji wa mtikisiko ndani ya mwili wake. Haina tundu la hedifoni, maana yake huwezi kusikia unachorekodi. Ina nafasi ya kadi moja tu. Na betri yake ya NP-FW50 ni ndogo: ukipiga kwa kuwasha na kuzima kama tunavyofanya sote, betri moja haikufikishi mbali sana baada ya saa moja.

Kabla ya kununua chochote, ingia kwenye menyu uiweke kwenye mfumo wa video wa PAL (fremu 25) kama bado iko NTSC (fremu 30). Itakuomba uifomati kadi, kwa hiyo hamisha kazi zako kwanza. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ukipiga fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya sekunde 1/50, taa za nyumbani na za dukani hazitapepesa kwenye picha. Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui: kamera hii ikipiga 4K kwa fremu 30 inakata kingo za picha, lakini kwa 25 inatumia upana wote wa sensa. Kwa hiyo ukibaki kwenye 30 unapoteza upana wa lenzi yako bila kupata kitu.

Sasa lenzi, na hapa nitakaa.

Watu huchagua lenzi kwa kuangalia namba ya f. Mimi nakushauri uanze na umbali. Utasimama wapi, na mtu wako atakuwa wapi? Kule Katwe hali ni mbili na zinapishana siku nzima. Wanaume wanaovunja chumvi ya mwamba wako ndani ya ziwa, mita kadhaa kutoka ukingoni, na wewe huna sababu ya kuingia na kamera kwenye maji yale. Akina mama wa vidimbwi wako karibu, unapita kwenye tuta jembamba la udongo na miti lenye upana wa kukanyaga miguu miwili, na ukirudi nyuma hatua moja upate picha pana, unatumbukia. Unahitaji lenzi inayofika mbali na inayofungua kwa upana, bila kuondoka kwenye kamera.

Fanya hesabu ndogo. Sensa yako ni ndogo kuliko ile ya milimita 36 kwa 24, kwa hiyo kila lenzi unaizidisha kwa 1.5: 17-70 inakupa mwono wa 25 hadi 105 hivi. Ukiwa mita 3 kutoka kwa mtu na umezumu hadi 70, fremu yako kwenda juu inabeba sentimita 57 hivi: kichwa na kifua, ndiyo fremu ya mahojiano. Ukiwa mita 1 kwa 17, inabeba sentimita 78: kichwa mpaka kiunoni, na pembeni unaona kidimbwi, beleshi, na watu wa nyuma. Fremu hizo mbili zitakutengenezea robo tatu ya filamu yako, na kutoka moja kwenda nyingine ni kugeuza mkono.

Lenzi uliyo nayo ya 16-50 si mbaya kwa mchana. Ni nyepesi ajabu, gramu 116, na ina utulizaji. Lakini ukizumu hadi 50 tundu lake linafunga mpaka f/5.6, na hiyo ni robo ya mwanga unaoupata kwa f/2.8. Alfajiri, au ndani ya nyumba yenye taa moja ya sola, robo hiyo ndiyo tofauti kati ya picha na chengachenga. Tena ukizima kamera inasahau ulikuwa umezumu wapi, jambo linalokera kuliko linavyosikika. Usiiuze lakini. Ibaki kwenye begi kama akiba, maana haina uzito wala bei ya maana sokoni.

Kuna lenzi tatu za zumu ambazo mtu mwenye kamera kama yako huzifikiria. Sigma 18-50 f/2.8 ni ndogo na tamu, gramu 290, na picha zake ni kali. Kama kamera yako ingekuwa na utulizaji ndani ningekwambia ichukue leo. Lakini haina utulizaji, na kamera yako pia haina. Hapo mkono ukitetemeka, picha inatetemeka, na mtetemo ule mdogomdogo hauondoki vizuri kwenye kompyuta. Sony 18-105 f/4 inatuliza, inafika mbali zaidi, na ina swichi ya kuzumu polepole kwa umeme, kitu ambacho watu wa televisheni wanakipenda. Inapoteza hatua moja ya mwanga, yaani nusu ya mwanga wa f/2.8. Kwa mtu anayepiga mikutano na mechi mchana ningeiweka ya kwanza. Kwako wewe, unayetaka kuingia majumbani jioni, nabaki na Tamron 17-70: f/2.8, utulizaji, na imezibwa dhidi ya unyevu. Uzito wake ni gramu 525, zaidi ya kamera yenyewe, kwa hiyo shika lenzi kwa mkono wa kushoto kutoka chini, mwili wa kamera uwe wa kubonyeza tu.

Zile Sigma tatu za f/1.4 (16, 30 na 56) sina ubaya nazo. Ni kali, na kwa bei yake ni vigumu kupata mwanga zaidi. Ila hakuna hata moja yenye utulizaji, na ili uzitumie lazima ubadilishe lenzi hapo hapo ukingoni, upepo unapuliza vumbi la chumvi, mikono yako ina unyevu, na sensa iko wazi. Mwakani, ukiwa na pesa, ongeza ile ya 30 peke yake kwa ajili ya usiku. Uivae hotelini kabla ya kutoka, urudi nayo vilevile.

Kuhusu sensa kubwa, neno moja: inaleta lenzi kubwa zaidi, nzito zaidi na za bei zaidi. Kwa milioni sita utanunua mwili wa kamera uliotumika, halafu utapiga makala kwa lenzi mbovu na sauti ya kamera. Sioni faida.

Mwanga wa Katwe utakusumbua kuliko unavyodhani. Uko karibu kabisa na ikweta, jua la saa sita linasimama utosini, na chini yako kuna chumvi nyeupe inayorudisha mwanga wote juu. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema hivi: jua kali, ISO 100 (usikivu wa sensa kwa mwanga), f/16, shata 1/100. Sasa wewe unataka shata ibaki 1/50, maana ukiipandisha, mikono ya mtu anayechota chumvi inaonekana kurukaruka. Na hutaki f/16, maana kila kitu kinakuwa kikali mbele na nyuma na mtu wako anapotea ndani ya mandhari. Kutoka f/16 hadi f/4 ni hatua nne, na kutoka 1/100 hadi 1/50 ni ya tano. Hatua tano ni ND32. Ukitaka f/2.8, ni sita, ND64, na chumvi ile inaweza kukudai nyingine moja juu yake.

Nunua ND moja ya kuzungusha, ya hatua 2 hadi 5, yenye kipenyo cha milimita 67 inayoingia kwenye Tamron, na mchana upige kati ya f/4 na f/5.6. Usinunue ile ya bei ya chini kabisa inayojigamba kufika hatua 8 au 9. Ukiizungusha hadi mwisho unapata msalaba mweusi katikati ya picha, na kwenye upana wa 17 msalaba huo unajitokeza mapema zaidi. Jua pia kwamba filta hizi zimetengenezwa kwa vioo viwili vya kupolaraizi, kwa hiyo ukizizungusha mng'ao juu ya maji nao unabadilika. Usizungushe katikati ya kupiga. Na iache mbele ya lenzi siku nzima. Ukiingia kivulini irudishe kwenye namba ya chini, usiivue.

Kamera ikiachwa ijiamulie mwanga, itaona weupe wa chumvi, itaogopa, itapunguza, na nyuso za watu zitakuwa vivuli vyeusi visivyo na macho. Weka kila kitu kwa mkono na upimie uso. Miongozo mingi ya video inasema ngozi ikae asilimia 70 kwenye zebra, ile mistari ya skrini inayoonyesha kiwango cha mwanga. Namba hiyo ilitengenezwa kwa ngozi nyeupe. Ngozi ya watu wetu inakaa vizuri kwenye 45 hadi 55 hivi, na chumvi ya nyuma ukiiona imeungua kidogo, iache iungue. Mtazamaji hakuja kuangalia chumvi. Lakini weupe ule unaweza kuufanya mtumishi wako. Mgeuze mtu jua liwe nyuma ya bega lake, asimame karibu na rundo la chumvi au tuta jeupe, na mwanga utapanda kutoka chini ukamjaza uso. Wenzetu wanabeba mabango ya kurudisha mwanga na kijana wa kuyashika. Wewe unayo bure, ekari nzima.

Ukisikia watu wanasifia kupiga kwa log, yaani picha iliyofifishwa makusudi ili rangi itengenezwe baadaye kwenye kompyuta, waache. Kamera yako inarekodi biti 8, na log ndani ya biti 8 ikivutwa kwenye kompyuta inaleta mistari angani na rangi ya ngozi inakuwa ya kijivu. Halafu log inaanzia ISO ya juu, kwa hiyo ungehitaji ND nzito zaidi. Tumia rangi ya kawaida, punguza kontrasti na ukali kidogo, basi.

Saa nzuri unaijua mwenyewe: jua linachomoza saa moja, na mpaka saa tatu mwanga uko upande, unachonga nyuso. Saa sita hadi saa tisa piga vivuli, vibanda, mikono, magunia yanayopakiwa lorini kwenda Mpondwe mpakani. Au kula.

Tuje kwenye sauti, ambayo rafiki yako hakuitaja hata kidogo. Simlaumu, kwenye harusi kuna muziki juu yake. Makala yenye picha ya wastani na sauti safi watu wanaitazama hadi mwisho. Picha ya ajabu yenye sauti ya upepo wanaizima baada ya dakika moja.

Nunua seti ya maiki zisizo na waya yenye vitumaji viwili na kipokezi kimoja, na sharti langu kwako ni moja: kipokezi kiwe na tundu la hedifoni. Kamera yako haina, kwa hiyo hapo ndipo pekee utakaposikia. DJI Mic 2 na Rode Wireless Pro zote zina tundu hilo, na vitumaji vyake vinarekodi vyenyewe ndani kwa 32-bit float, yaani hata mtu akipiga kelele ghafla, sauti inaweza kushushwa baadaye bila kupasuka. Hilo la kurekodi ndani ni muhimu kwako kuliko kwa mwingine. Mawimbi ya 2.4 GHz hayapendi maji wala miili ya watu. Mzee akikugeuzia mgongo akiwa mita ishirini ndani ya ziwa, mawimbi yatakatika, lakini kitumaji chake kitakuwa kimeshika kila neno. Jioni unaviunganisha na picha kwa kupiga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni mwa kila rekodi.

Maiki utaiweka wapi? Hapa ndipo vitabu vinapoishia. Wanaume wengi wa ziwani hufanya kazi vifua wazi, na kitumaji kikitumbukia kwenye maji yale kimekufa. Wengi wao, hata hivyo, huvaa kofia au kitambaa kichwani kwa ajili ya jua. Tumia maiki ndogo ya waya: ibane ndani ya ukingo wa kofia, juu ya paji la uso, waya upite chini ya kitambaa nyuma ya sikio, na kitumaji ukifunge kwa tepu kisogoni ndani ya kofia, kikiwa ndani ya mfuko mdogo wa plastiki. Sauti inayotoka pale ni nzuri kuliko ya kifuani, maana mtu akiinama na kuinuka umbali kati ya mdomo na maiki haubadiliki. Mwombe ruhusa kwanza, mwonyeshe, mwache aishike. Asiyevaa kofia, msubiri atoke majini. Mahojiano marefu yafanyike nchi kavu, amekaa, amekunywa maji.

Ongeza maiki ndogo ya kuelekeza ya kukaa juu ya kamera. Rode VideoMicro haihitaji betri na inatosha kwa sauti za mazingira: beleshi kwenye chumvi, maji, vicheko. Lakini kamera ina tundu moja la maiki, kwa hiyo ukivalisha mtu kitumaji, ya juu inachomolewa. Kila maiki iwe na kizuia upepo cha manyoya. Ziwa lile liko ndani ya kreta na upepo wa mchana hauna adabu. Shusha kiwango cha sauti cha kamera kiwe cha chini, na kiwango kikuu kitoke kwenye kipokezi. Kisha vaa hedifoni, za waya, wakati wote. Watu watakuona kama fundi wa redio. Poa tu.

Stendi sitaisema sana. Chukua monopodi yenye vijiguu vitatu vidogo chini na kichwa kinachogeuka polepole. Inafungwa kwenye begi ukipanda boda, inasimama kwenye tuta jembamba ambapo stendi ya miguu mitatu haina pa kukanyaga. Usigeuze kamera kwa haraka kutoka kushoto kwenda kulia. Sensa ya a6400 inasoma picha polepole, na nguzo zilizosimama wima zitaonekana zimelala. Gimbali nayo, ukizumu Tamron uzito unahama na inabidi uisawazishe tena. Na mota zake zikiingiwa na chumvi utazisikia zikilia kabla hazijafa.

Umeme: betri nne za NP-FW50, na pawabenki. a6400 inaweza kuendeshwa kwa waya wa USB huku ikipiga, kwa hiyo kwenye mahojiano marefu iunganishe na pawabenki uache betri zipumzike. Kwenye menyu kuna mpangilio wa joto la kujizima. Upandishe, maana chini ya jua lile kamera itajizima mapema. Na usiiache juani bila sababu. Kitambaa cheupe juu yake kinasaidia kuliko mpangilio wowote.

Kadi: 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya 128 inakupa saa mbili na nusu na zaidi kidogo. Nunua tatu zenye alama ya U3 au V30, bila hiyo kamera itakataa kupiga kwa kiwango hicho. Kwa kuwa nafasi ya kadi ni moja, kila usiku nakili kwenye diski mbili, moja ilale kwenye begi na nyingine mahali pengine kabisa. Kadi usiifute mpaka diski zote mbili umezifungua ukaona picha zinacheza.

Sasa chumvi yenyewe. Pale Katwe utaona magofu ya kiwanda kilichojengwa na Wajerumani. Kilisimama baada ya muda mfupi, mabomba yake yameliwa na maji yale yale unayokwenda kuyapiga picha. Ikiwa mabomba ya kiwanda hayakustahimili, skrubu za monopodi yako zina nguvu gani? Kila jioni chukua kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya kunywa, kikamuliwe mpaka kisitone, ufute mwili wa kamera, pete za lenzi, na miguu ya monopodi yote ikiwa imefunguliwa. Halafu kitambaa kikavu. Kioo cha mbele kipulize kwanza kwa pampu ya mkono kabla hujakigusa, maana chembe ya chumvi ukiisugua ni msasa. Lala na vifaa ndani ya mfuko uliofungwa wenye vifuko vya silika, usivifungie kwenye begi lenye unyevu, kuvu wa lenzi wanapenda giza na unyevu.

Kuhusu pesa. Tamron 17-70 ilitoka mwaka 2021 kwa dola 799 Marekani. Ukiiagiza, ongeza usafiri na VAT yetu ya asilimia 18, na mpya itakumaliza zaidi ya nusu ya akiba. Ndiyo maana nakushauri uitafute iliyotumika, Kampala au Nairobi, na uende na kamera yako mwenyewe, kadi, na kompyuta. Washa tochi ya simu uimulike lenzi kutoka nyuma huku ukitazama kwa mbele: nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, iache hata kama ni nusu bei. Vumbi dogo halina shida. Tazama skrubu za pete ya nyuma. Zikiwa na mikwaruzo, kuna fundi ameifungua. Iweke kwenye 70, washa utulizaji, shika kwa mkono upige video ya maandishi ya ukutani, kisha uzime upige tena. Tofauti isipoonekana, utulizaji umekufa. Halafu geuza zumu mwanzo mpaka mwisho huku umeweka sikio karibu: mkwaruzo wa mchanga unasikika. Muuzaji akikuharakisha, mshukuru uondoke.

Usinunue vyote kwa mpigo. Nunua sauti kwanza, wiki hii, ujifunze kuvalisha watu maiki hapo nyumbani Kasese huku ukitumia lenzi uliyo nayo. Halafu lenzi na ND. Ikibaki kitu, kitunze kwa mafuta ya boda na chakula. Siku zako za kuwa pale ndizo zitakazoijenga filamu. Na usifike na begi begani kama mtalii. Anza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, na viongozi wa wachimba chumvi, nenda siku ya kwanza bila kamera. Watu wale wamepigwa picha na wageni wengi ambao hawakurudi kuwaonyesha.

Na drone, hapana. Hapa Uganda inataka ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa anga na ya upande wa ulinzi, na kwa kuwa Katwe iko ndani ya eneo la hifadhi ya Queen Elizabeth, UWA, mamlaka ya wanyamapori, nao utawakuta njiani. Kwa makala ya dakika ishirini ni usumbufu usio na malipo. Ziwa liko chini ndani ya kreta na ukingo uko juu yake. Simama pale asubuhi kabla ya saa mbili, monopodi umeiegemeza kwenye jiwe, lenzi kwenye 17, vidimbwi vyote vimepangana chini yako. Bonyeza, toa mkono, na uhesabu hadi sitini kabla ya kuigusa tena.